Mawe ya Mirihi Ndani ya Gari la Miraa

Nimepeleka watu Mirihi mara nyingi kuliko serikali yoyote duniani, na wote niliwarudisha kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Nasema hivyo mapema ili mjue mnaongea na nani. Nyinyi walimu wachanga mnaonijia hapa nyumbani Nkubu na kuniuliza, "Madam Nkatha, ulifundishaje jiografia miaka yote hiyo bila projekta?" huwa mnanichekesha. Projekta nilikuwa nayo. Ilikuwa chini ya miguu yangu, nyekundu, na ilinichafulia viatu kila msimu wa mvua.

Walimu wengi huipita mada ya sayari mbio mbio. Iko mwanzoni kabisa mwa kidato cha kwanza, na mwalimu ana hamu ya kufika kwenye ramani. Anataja majina, watoto wanayakariri, basi. Mimi nilikawia Mirihi. Zuhura ni jirani pia, lakini yule ni tanuri lililofunikwa mawingu mazito, huwezi kumbishia hodi. Mirihi anaeleweka. Ana milima, mabonde, barafu, vumbi na upepo, na siku yake inazidi ya kwetu kidogo tu. Jirani wa namna hiyo unaweza kumsengenya darasani kwa mwezi mzima.

Kazi niliianzia upande wa Embu, katika shule ndogo inayoelekea Mbeere kwenye joto. Mkubwa wangu pale alikuwa Mwalimu Njeru, mzee mfupi, mkali, aliyevaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe. Siku yangu ya kwanza nilibandika mchoro wa rangi ukutani, nikaongea kama redio. Yeye aliketi nyuma. Tulipotoka akaniuliza, "Umeongea vizuri. Sasa niambie, watoto wameshika nini?"

"Hawajashika kitu, Mwalimu."

"Basi hawajajifunza kitu. Usitaje sayari kabla mtoto hajashika jiwe."

Nilikasirika kama mtu yeyote mwenye cheti kipya. Lakini kesho yake nilipowaeleza kwamba Mirihi ni kukavu, mawe matupu, vumbi na hakuna nyasi, kijana mmoja aliinua mkono na kuuliza kwa dhati kabisa, "Na mbuzi wa huko wanakula nini?" Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimewaelezea mashamba ya baba zao. Nilipojibu kwamba huko hakuna mbuzi, akasema, "Si ungesema hivyo kutoka mwanzo, Madam." Jioni hiyo nilikwenda kuokota mawe.

Chukueni hili la bure. Nunueni zile waya laini za kusugulia sufuria. Zichovyeni kwenye maji ya chumvi, kisha ziacheni ndani ya mkebe wazi. Msizizamishe, ziwe mbichi tu, kwa sababu kutu inataka maji na hewa pamoja. Baada ya siku chache zitakuwa zimekula kutu hadi zinavunjika. Zisageni kwa jiwe, mmwage unga wake kwenye karatasi nyeupe, na kando yake mweke udongo wa shamba lolote la huku kwetu. Mwambieni mtoto achague ni upi ulitoka shambani. Atababaika. Hapo ndipo mnamwambia kwamba udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilicholiwa na kutu, na vumbi la Mirihi ni jekundu kwa sababu hiyo hiyo. Nimeona wanafunzi wakitoka darasani na kuinama kushika ardhi waliyoikanyaga tangu kuzaliwa.

Somo la hewa ndilo lililonipatia jina la Madam Githeri, na sitaki mtu mwingine awaambie kabla yangu. Nilitaka wanafunzi waone kwamba hewa ikiwa nyembamba, maji huchemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Basi nikawapeleka mlimani, juu ya Chogoria, na kwa akili zangu timamu nikabeba mahindi na maharagwe makavu ya kuchemshia githeri, kuwa ndiyo chakula cha mchana. Mmeru hata akienda kuchungulia mbinguni atabeba githeri. Maji yalichemka upesi, nikashangilia. Tukangoja. Tukaimba. Tukangoja tena. Jua lilipoanza kushuka, maharagwe bado yaligonga sufuria kama kokoto, na wanafunzi walikuwa wananitazama vibaya. Nikaona nisiipoteze nafasi hiyo. Nikawaambia, "Hapa hewa imepungua kidogo tu na mmeshinda njaa. Mirihi hewa ni nyembamba kiasi kwamba maji yangechemka yakiwa bado baridi." Tulirudi tumbo tupu, na katika mtihani hakuna hata mmoja aliyelikosa swali hilo.

Siku hizi mambo yamekuwa rahisi. Chombo kinatembea huko Mirihi kikipiga picha, na picha zinafika kwenye simu yako ukiwa unamenya viazi. Nazipenda hizo picha, msinione kama mzee wa kulaani kila kipya. Ila picha ni ya macho, na macho ni mavivu. Nimeijua tofauti hiyo kwa sababu ya msichana mmoja aitwaye Gatwiri.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, nikifundisha shule ya kutwa karibu na Kianjai. Gatwiri alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mnyamavu, na alipouliza swali ulilazimika kuketi kwanza. Siku moja niliwaonyesha picha ya mwamba wa Mirihi wenye kokoto ndani yake, kokoto za mviringo. Wengine waliangalia wakanirudishia simu. Gatwiri alibaki nayo. "Madam," akasema, "haya ni kama ya korongo letu."

Nyuma ya kwao kuna korongo kavu, halina tone la maji. Chini yake kuna mawe laini ya mviringo, na mlimani juu yake kuna mawe yenye kona kali. Alitaka kujua kwa nini mawe ya mahali pamoja yawe na sura mbili. Kutoka hapo hakushikika. Alitengeneza sinia kubwa la mbao, akajenga milima ya udongo mwekundu na bonde la mto uliokauka, akapanga mawe ya kona mlimani na ya mviringo bondeni, kila moja mahali pake. Aliita kazi hiyo mto wa Mirihi. Ilichaguliwa kwenda mashindano ya sayansi yaliyofanyika Embu.

Lakini baba yake, Mzee Baariu, alikuwa amekwisha kumpangia. Kaka yake Baariu ana duka Mikinduri, mke wa kaka huyo alikuwa mgonjwa, naye aliomba Gatwiri akasimamie duka hilo. Baariu alimpa neno lake mbele ya wazee. Muhula ukiisha, shule nayo ilikuwa imeisha kwa Gatwiri. Nilikwenda kwao kuomba angalau safari ya Embu.

"Madam, hapana," Baariu akaniambia. "Embu ni kulala nje. Na ataenda kuonyesha watu mawe? Mimi niko na shamba mzima ya mawe na hakuna mtu amewahi kuja kuangalia."

"Mzee, ni siku moja tu."

"Huyu mwisho wa term anaenda Mikinduri. Sasa unataka kumuonjesha kitu halafu anyang'anywe? Hiyo ni kumuumiza."

Wala hakusema upuuzi. Gatwiri alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia yote. Nilirudi shuleni nimevunjika moyo, na sivunjiki ovyo.

Pale shuleni nilimkuta Mzee Abdalla akisimamia magunia yake yateremshwe. Huyu ni Mwigembe, Mmeru wa upande wa Maua, aliyesilimu ujanani, msafirishaji wa miraa, na pia ndiye aliyetuletea mahindi ya shule. Nikamwagia hasira zangu zote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza Baariu ni wa ukoo gani. Nilipomtajia alicheka mpaka kofia ikahama.

"Huyo? Huyo ni gichiaro yangu! Ingia kwa gari."

Kwa yeyote asiyeijua, gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo, tuliouachiwa na mababu. Mtu wa gichiaro akikuomba jambo, humkatalii. Akikuuliza jambo, humdanganyi. Dini haiufuti, shule haiufuti, na anayeuvunja hujitafutia balaa.

Njiani nilimwambia Abdalla tuombe mara moja Gatwiri amalize shule. Alinikemea kama mtoto. "Hiyo siwezi. Baariu amepatia ndugu yake neno. Nikimwomba avunje, nimemfanya mwongo. Gichiaro si ya kukaba mtu koo, Madam. Nitaomba Embu peke yake."

Baariu alipomwona Abdalla akishuka, alisimama na kuvua kofia.

"Muga, Baariu," Abdalla akamsalimu. "Nimekuja kuomba."

Baariu alifumba macho kidogo, akajua amepatikana. "Omba."

"Huyu msichana aende Embu na mawe yake."

Baariu alinigeukia akanitazama kana kwamba mimi ni mbuzi aliyefumaniwa kwenye maharagwe. "Madam, wewe ni mtu mbaya."

"Asante, Mzee."

"Ataenda. Lakini na mimi niko na ombi." Akamgeukia Abdalla. "Wewe ndio utampeleka. Ukae huko mpaka mwisho. Halafu ukuje uniambie ile kitu umeona na macho yako, si ile Madam ameona."

Abdalla, mtu ambaye hajawahi kutulia kwenye kiti hata cha kinyozi, alikubali. Angefanyaje?

Sasa sikilizeni kosa langu, kosa ambalo mtu wa Nairobi hangeweza kulifanya. Nilifurahi kwamba tumepata pikapu ya miraa kwa sababu inawahi. Kila mtu huku anajua gari la miraa linavyokimbia, kwa kuwa miraa ikikawia njiani imekwisha thamani. Nilichosahau ni kwamba dereva wa miraa hajui mwendo mwingine. Mutuma, dereva wa Abdalla, alitutoa Kianjai kana kwamba tunawahi ndege uwanjani, na pikapu isiyo na mzigo mzito iliruka kila tuta. Nilimwambia apunguze.

"Madam, relax. Hii gari inajua speed moja tu."

Tuliposimama Nkubu kunywa chai, nikafunua turubai lililofunika sinia la Gatwiri. Nyumba ya udongo haihimili vishindo. Mirihi ilikuwa imegeuka rundo moja jekundu. Milima ilikuwa imelala, mto haupo, na mawe ya kona na ya mviringo yamechanganyika yote.

"Madam," Gatwiri akasema polepole, "milima imeisha."

Nilimrukia Mutuma kwa maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Naye akajitetea, "Si mngeniambia ni kitu ya kuvunjika? Mlisema ni mawe!" Kusema kweli tulisema hivyo.

Tulizoa mawe tukayatia kwenye gunia, na udongo tukauacha. Abdalla alikuwa mbele na Mutuma; Gatwiri aliketi kiti cha nyuma nami, gunia mapajani. Kutoka Nkubu barabara hushuka mtoni na kupanda, kona juu ya kona, na hata Mutuma akijikaza kwenda polepole msichana alianza kusikia kichefuchefu. Akafumba macho. Ili asahau tumbo lake, akaingiza mikono guniani akawa anatoa jiwe, analipapasa, analiweka kulia kwake, anatoa jingine, analiweka kushoto. Niliketi nikitazama mikono ile. Tulipofika Embu akafumbua macho. Kulia kulikuwa na mawe ya mviringo, kushoto mawe ya kona, na hakukuwa na hata moja lililokosea fungu lake.

"Sikuangalia, Madam," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Na majaji pia hawataangalia."

Ukumbini wenzetu walikuwa na nyaya, taa na vitu vinavyolia. Sisi tulikuwa na meza, mafungu mawili ya mawe na picha moja niliyoichapisha dukani. Mutuma akainama akaniuliza kama tumalize turudi tu. Nikamwambia akae kimya ajifunze.

Majaji walipofika kwetu, mama mmoja na mwanamume mmoja, Gatwiri aliwaamkia kisha akawaomba wafumbe macho na kufungua viganja. Walitazamana wakacheka, lakini walifumba. Akampa kila mmoja wao mawe mawili, jiwe kwa kila mkono.

"Hili ni laini, limeviringika," mama akasema. "Hili lina kona, linachoma."

"La kwanza limetoka mahali palipokuwa mto," Gatwiri akasema. "Limegongana na wenzake ndani ya maji mpaka likaisha kona. La pili lilivunjika mlimani likabaki pale pale. Sasa fumbueni macho."

Akawawekea picha mbele. Kokoto za mviringo ndani ya mwamba, mahali ambapo hakuna mguu wa mtu uliowahi kufika.

"Haya mawe hakuna mtu ameyashika," akasema. "Lakini mkono wako sasa unajua yalipita wapi."

Yule mama alibaki ameshika jiwe lake, hakulirudisha. Mwenzake aliuliza kama upepo haungeweza kuyaviringisha. Gatwiri akamjibu kwamba hewa ya Mirihi ni nyembamba mno. Inaweza kuinua vumbi jembamba mpaka lifunike sayari nzima, ila kokoto kama hizo haiwezi kuzisukuma. Basi yule jaji akauliza maji hayo yalikwenda wapi.

"Hewa ni kifuniko cha sufuria," akasema. "Zamani Mirihi ilikuwa na hewa nzito, maji yakatulia. Moyo wa sayari ulikuwa wa moto, na ulikuwa unaikinga hewa yake kwa nguvu ya sumaku. Moyo ukapoa, kinga ikaisha, jua likaipeperusha hewa kidogo kidogo. Kifuniko kikatoka. Maji mengine yakapotea angani, mengine yameganda kule kule."

Msichana wangu mnyamavu! Nilitamani Mwalimu Njeru awe pale na koti lake.

Abdalla alikuwa ameketi karibu, na kiti kilikuwa kimemshinda. Akainuka, akaja mezani, akafumba macho. "Na mimi nipatie." Nyuma yake akajipanga mwalimu mmoja, nyuma ya mwalimu wanafunzi wa shule zingine, kisha Mutuma, kisha wapishi kutoka jikoni wakijifuta mikono. Nusu ya ukumbi ilikuwa imefumba macho kama watu wanaoombea chakula, kila mmoja na jiwe mkononi. Waliposoma matokeo, Gatwiri alikuwa wa kwanza. Nilipiga kigelegele nikiwa nimevaa suti ya kazi, na sikuona haya hata kidogo. Sioni hata leo.

Kesho yake mchana tulikuwa kwa Baariu. Hakumuuliza bintiye, hakuniuliza mimi. Alimwekea Abdalla kiti, akampa chai, akangoja. Na Abdalla alisema kila kitu, hata aibu ya dereva wake na milima iliyolala, kwa maana hakuwa na ruhusa ya kupunguza wala kuongeza. Mwishoni akasema, "Mimi nimefanya biashara tangu nikiwa kijana. Mtu akijua kazi yake, naona. Huyu anajua. Watu wakubwa walisimama line kumngojea."

Baariu akanyoosha mkono kwa bintiye, akapewa mawe mawili, akafumba macho kama wengine. Aliyapapasa kwa muda mrefu.

"Hii ya mviringo umetoa wapi?"

"Kwa korongo letu, baba."

"Hapo hakuna maji."

"Yalikuwapo."

"Ndiyo," mzee akasema, macho bado yamefumba. "Babu yangu alikuwa akisema waliogea hapo. Sisi tulidhani ni hadithi ya wazee."

Gatwiri aliinamisha kichwa, na mimi niliogopa hata kupuliza chai yangu. Ahadi ni deni, na deni la Mikinduri lilikuwa bado liko pale pale katikati yetu. Hapo Baariu akafumbua macho akamtazama mwenzake.

"Abdalla. Niombe."

"Nikuombe nini?"

"Wewe niombe. Unajua."

Abdalla alielewa kabla yangu. Aliweka kikombe chini, akasimama, akanyoosha kofia yake. "Baariu, kwa gichiaro ya baba zetu, nakuomba huyu msichana amalize shule."

Baariu akafungua mikono yote miwili na kunigeukia mimi, na ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake. "Umesikia, Madam? Sasa mimi nitakataa aje?"

Nililia, wanangu. Nililia nikicheka, na Gatwiri akaja akanishika bega kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Sasa yuko chuo kikuu, anasoma miamba, na mikono yake imekuwa migumu kuliko ya baba yake. Kaka mtu alipanda kutoka Mikinduri na hasira zake zote, akadai neno alilopewa mbele ya wazee. Baariu alimwacha amalize, kisha akamwambia ni nani aliyeomba. Kaka mtu akatulia, akavua kofia, akaitisha chai, kwa kuwa walizaliwa nyumba moja, na gichiaro ya Baariu ilikuwa yake pia.